UCHAMBUZI: Zamu ya usiku Baba Dogo ndiyo kipimo cha uongozi wa hospitali

KILA mara maafa yanapotokea katika hospitali ya umma jijini Nairobi, wakuu wa serikali hutoa majibu mawili ambayo wananchi wameyazoea. La kwanza ni kwamba wahudumu ni wachache na wengine wataajiriwa hivi karibuni. La pili ni kwamba msimamizi wa hospitali amesimamishwa kazi ili kupisha uchunguzi. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, hakuna linalogusa karatasi ambayo kwa mgonjwa ina uzito kuliko hotuba zote, nayo ni ratiba ya zamu.

Karatasi hiyo ndiyo huamua iwapo mama atakayeshikwa na uchungu saa nane za usiku katika mtaa wa Baba Dogo atampata muuguzi aliye macho, au ataelekezwa na mlinzi wa langoni atafute kwingine. Ni nani huiandika? Huiandika kwa mamlaka gani? Na ikivunjwa, huulizwa nani? Mijadala yetu kuhusu afya huyapita maswali haya mbio, ilhali ndiyo kiini cha uongozi wa hospitali yoyote, iwe ya rufaa au kituo kidogo cha mtaani.

Wadi ya Baba Dogo imo katika eneobunge la Ruaraka, pamoja na Utalii, Mathare Kaskazini, Lucky Summer na Korogocho. Ni mtaa wa watu wa kazi. Viwanda vimejipanga kando ya barabara yake kuu, na maelfu ya wakazi hutoka alfajiri kwa miguu kuvifuata, au hurejea saa hizo hizo baada ya kukesha. Mkazi wa hapa hahitaji kufafanuliwa maana ya zamu. Anajua kwamba mtambo haungoji, na kwamba asipotokea kiwandani saa moja za asubuhi kuna mwingine anayesubiri langoni kuchukua nafasi yake. Msimamizi wa zamu kiwandani anajua ni watu wangapi wanaohitajika kwa kila mtambo na hawezi kuwasha kazi bila wao.

Katika huduma za afya, mambo huenda kinyume. Kazi huwashwa hata kama watu hawapo.

Mkazi huyo anapougua, ngazi anayopanda inajulikana. Kwanza kuna kituo cha afya cha mtaani, ambacho kwa mpangilio wa serikali ni cha ngazi ya tatu. Hali ikizidi, ataelekezwa katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iliyo upande wa Komarock, au katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyohudumu tangu mwaka wa 1926. Juu kabisa ipo Hospitali Kuu ya Kenyatta. Mchana, ngazi hiyo hupandika kwa matatu. Usiku, kila kidato ni nauli ya bodaboda au teksi, na ni dakika ambazo mama anayevuja damu huenda hana. Ndiyo maana jambo linaloonekana dogo ofisini, kama vile jina lililokatwa kwa kalamu kwenye ratiba ya kituo cha ngazi ya tatu, huwa ni suala la uhai na kifo mitaani.

Je, tatizo ni uchache wa wauguzi tu? Hapa ndipo takwimu moja, ambayo kwa maoni yangu haikupewa uzito unaostahili, inapofaa kurejelewa.

Mnamo 2012 Benki ya Dunia na washirika wake walifanya utafiti kuhusu utoaji wa huduma katika vituo vya afya kote nchini, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata. Watafiti walivizuru vituo bila kutoa taarifa na kuwatafuta wahudumu waliopaswa kuwa kazini. Katika vituo vya umma, asilimia 29 hawakuwepo. Katika vituo vikubwa vya afya vya mijini, yaani vya aina ile ile inayowahudumia wakazi wa Eastlands, kiwango kilikaribia asilimia 38. Kwa maneno mengine, kati ya kila wahudumu watano waliotarajiwa, karibu wawili walikuwa kwingine.

Mtu anaposoma hivyo, haraka haraka huwawazia wauguzi watoro wanaouza mitumba sokoni saa za kazi. La hasha. Utafiti huo huo ulibaini kwamba takriban asilimia 80 ya wasiokuwepo walikuwa wamepewa ruhusa. Walikuwa likizoni, kwenye semina, kwenye mikutano, au wametumwa na wakubwa wao. Watoro halisi, walioondoka bila idhini ya yeyote, walikuwa sehemu ndogo.

Msomaji na atue hapo kidogo. Ikiwa wanne kati ya kila watano wasiokuwepo wameruhusiwa, basi suala si nidhamu ya muuguzi. Kuna mtu aliyetia saini. Na aliyetia saini ama hakujua ni nani angebaki na wagonjwa siku hiyo, au alijua na hakuwa na la kufanya. Hilo ni suala la uongozi na upangaji wa kazi. Dawa yake si sawa na dawa ya utoro, ingawa miaka nenda miaka rudi wanasiasa wetu wamekuwa wakiitibu kama utoro.

Ni kweli kwamba takwimu hizo ni za kabla ya ugatuzi kuanza 2013, na mengi yamebadilika tangu hapo. Lakini anayejua jinsi vituo vyetu vinavyoendeshwa ataniambia kama utaratibu wa ruhusa umebadilika. Mradi wa kupambana na Ukimwi una semina zake. Ule wa kifua kikuu una zake, wa malaria una zake, wa chanjo una zake. Kila mmoja unamtaka muuguzi yule yule mwenye uzoefu, na kila mmoja una posho ambayo mtu mwenye karo za watoto hawezi kuidharau. Barua hutoka juu ikiwa imekwisha kupigwa mhuri. Msimamizi wa kituo, ambaye katika vituo vingi ni muuguzi au tabibu kama wale wengine, huipokea tu na kukata jina kwenye ratiba.

Niliwahi kuiona ratiba ya namna hiyo katika kituo kimoja cha umma cha Eastlands, ambacho sitakitaja. Ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha wauguzi, mahali ambapo mgonjwa hawezi kuiona hata akitaka. Ilikuwa imekatwakatwa kwa kalamu za rangi tatu, hata usingeweza kujua ni nani aliyekuwa wa zamu ya usiku wa Alhamisi. Wauguzi wenyewe walikuwa wakiulizana kwa simu.

Tuache lawama kidogo tufanye hesabu, maana hesabu hii ndiyo msingi wa kila kitu na ni nadra kuisikia ikifanywa hadharani. Je, ni wauguzi wangapi wanaohitajika ili kiti kimoja tu cha muuguzi kisikae wazi, usiku na mchana, mwaka mzima?

Mwaka una saa 8,760. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hutoa saa 2,080 kwa mwaka, ikiwa hapumziki hata siku moja. Lakini ni binadamu, na sheria inamlinda. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo, ambazo ni saa 168. Sikukuu za kitaifa zikiwa 11, ni saa nyingine 88. Tumkadirie siku 10 tu za ugonjwa na mafunzo, ambazo ni saa 80. Kinachosalia ni saa 1,744. Gawanya 8,760 kwa 1,744 na utapata tano na nukta.

Yaani ili pawepo muuguzi mmoja wakati wote, ni lazima uajiri watano. Na mmoja hatoshi katika wadi ya uzazi, kwa sababu kina mama hawajifungui kwa foleni. Wawili wakifikia wakati kwa pamoja, au mtoto akizaliwa bila kulia na mama akawa anavuja damu, muuguzi aliye peke yake analazimika kuchagua. Kwa hivyo ni kumi. Mmoja wa hao kumi akienda likizo ya uzazi, ambayo ni miezi mitatu kisheria, hesabu inavurugika tena.

Chukua sasa kituo chenye wauguzi wanane kwenye orodha ya mishahara. Afisa aliye City Hall akiitazama orodha hiyo anaona wanane, na wanane si haba. Mgonjwa wa saa nane usiku anaona mmoja, au haoni yeyote. Wote wawili wanasema kweli. Tofauti iliyopo kati ya ukweli wao ni ratiba ya zamu, na kazi ya kiongozi wa hospitali ni kuijua tofauti hiyo kwa tarakimu, si kwa kubahatisha.

Athari zake zimechunguzwa kwingineko. Utafiti mashuhuri uliofanywa katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani na kuchapishwa 2002 ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa mzigo wa muuguzi huandamana na ongezeko la takriban asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki katika muda wa siku 30. Marekani ni mbali, mtu atasema. Lakini watafiti walio hapa hapa nchini wamechunguza wadi za watoto wachanga katika hospitali za Nairobi na kukuta muuguzi mmoja akiwa na watoto wengi kiasi kwamba sehemu kubwa ya kazi zinazopaswa kufanywa haikufanywa. Nyingine ziliachiwa mama mwenyewe, wanafunzi au wafanyakazi wa usafi. Hao wauguzi hawakuwa wavivu. Walikuwa wakichagua ni kipi kiachwe, na hakuna kiongozi aliyewahi kukaa nao kuamua kwa pamoja ni kipi hakipaswi kuachwa kamwe.

Pana jambo jingine ambalo halisemwi wazi. Zamu za usiku hazigawanywi kwa haki. Katika sehemu nyingi za kazi, na hospitali si tofauti, wageni na wenye mikataba ya muda mfupi ndio hubeba usiku na sikukuu, huku walio na mkono wa mtu juu wakibaki na zamu za asubuhi. Mwenye mkataba hana sauti. Wale maelfu ya wahudumu walioajiriwa 2020 kwa mikataba chini ya mpango wa Afya kwa Wote walikaa miaka mingi wakipigania masharti ya kudumu. Mtu wa namna hiyo akipangiwa usiku wiki tatu mfululizo atanyamaza, kisha siku moja ataugua, au atabadilishana zamu kimyakimya na mwenzake, au atakubali kibarua katika mojawapo ya kliniki za kibinafsi zilizojaa Eastlands. Mishahara ya kaunti nayo imewahi kuchelewa mara nyingi mno kwa mtu kumlaumu anayejitafutia riziki pembeni. Ratiba isiyo ya haki huanza kuvunjika kutoka ndani kabla haijavunjwa na semina.

Sasa tuutazame uongozi tuliouzoea.

Mnamo Septemba 2018, aliyekuwa Gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alifika ghafla katika Hospitali ya Pumwani. Miili ya watoto wachanga 12 ilipatikana ikiwa imewekwa kwenye maboksi. Picha zilienea kote, na gavana akawasimamisha kazi wasimamizi papo hapo. Miezi michache kabla, Machi mwaka huo huo, taifa lilishtuka kusikia kwamba madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walimpasua kichwa mgonjwa asiye yule aliyehitaji upasuaji. Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, alimpeleka afisa mkuu mtendaji Lily Koros katika likizo ya lazima, na wahudumu waliohusika wakasimamishwa.

Si Kenya pekee. Novemba 2015, siku chache tu baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli wa Tanzania alizuru Hospitali ya Taifa ya Muhimbili bila taarifa, akawakuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine muhimu za uchunguzi zimeharibika. Alimwondoa kaimu mkurugenzi na kuivunja bodi. Nchini Uganda, Rais Yoweri Museveni aliunda kikosi maalum cha kufuatilia huduma za afya mnamo 2009, kikajulikana kwa kuvamia vituo na kuwakamata wahudumu. Uganda ilikuwa na sababu ya kukerwa, kwani utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2006 ulikuta asilimia 37 ya wahudumu wake wa afya hawakuwa kazini siku ya ukaguzi.

Ziara ya ghafla ina ladha yake kisiasa. Mwananchi aliyedharauliwa kwenye foleni kwa miaka mingi hufurahi kumwona mkubwa akitetemeka mbele ya kamera, na siwezi kumlaumu. Aidha, kuna wakati ziara hizo huleta nafuu ya haraka. Muhimbili mashine zilitengenezwa upesi. Lakini kilichoibadilisha Muhimbili katika miaka iliyofuata, hadi ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, hakikuwa ziara ile. Ilikuwa ni uongozi uliodumu. Profesa Lawrence Museru aliiongoza hospitali hiyo kuanzia 2015 hadi 2022, muda wa kutosha kwa mtu kupanga jambo, kuliona likikwama na kulipanga upya.

Linganisha na hali ya Nairobi. Huduma za afya ziligatuliwa 2013 na kukabidhiwa serikali ya Gavana Evans Kidero. Mwaka wa 2017 akaingia Sonko. Machi 2020 huduma hizo zikaondolewa mikononi mwa kaunti na kupewa Idara ya Huduma za Jiji, NMS, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Wahudumu wakawa na waajiri wawili, mmoja kwenye barua na mwingine kazini. NMS ilijenga vituo vipya katika mitaa ya mabanda, jambo ambalo wakazi walilikaribisha, lakini kila kituo kipya kilihitaji wale watu watano kwa kila kiti tuliowahesabu hapo juu, na saruji haitibu. Septemba 2022 NMS ikafikia kikomo na majukumu yakarudi kwa kaunti, sasa chini ya Gavana Johnson Sakaja. Muuguzi aliyeanza kazi Baba Dogo 2013 amebadilishiwa wakubwa mara nyingi kuliko alivyobadilishiwa sare.

Katikati ya hayo ilikuja migomo. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016. Wauguzi wakafuata Juni 2017 na kukaa nje takriban miezi mitano. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena, siku 56, na matabibu nao wakagoma. Kila mgomo ulipomalizika, mkataba wa kurejea kazini ulizungumzia mishahara, marupurupu na kupandishwa vyeo. Hayo ni haki yao. Lakini ni nani aliyewahi kuuona mkataba wenye kifungu kinachosema ratiba ya zamu itatolewa wiki nne kabla na haitabadilishwa bila sababu ya maandishi? Muuguzi angefaidika nacho pengine kuliko nyongeza ndogo ya posho, na mgonjwa angefaidika maradufu.

Vyama vya wahudumu vitasema, na vina haki ya kusema, kwamba kuzungumzia ratiba ni njia ya serikali ya kukwepa kuajiri. Hoja hiyo ni nzito. Ukiwa na wauguzi wanane ambapo kumi wanahitajika, hakuna ustadi wa kalamu utakaozaa wawili waliokosekana. Ratiba nzuri haiwezi kuwa kisingizio cha kuwakamua walio wachache. Ila hoja inakwenda pande zote mbili. Ratiba ya kweli, inayoonyesha bila kuficha ni usiku upi hauna mtu, ndiyo silaha kubwa zaidi ambayo chama kinaweza kuibeba mbele ya kamati ya bajeti. Kilio cha jumla kwamba tu wachache kimepigwa kwa miaka mingi na masikio yamekufa ganzi. Orodha ya usiku 11 wa mwezi mmoja ambao kituo fulani hakikuwa na mkunga ni jambo jingine kabisa.

Turudi kwa yule anayeiandika ratiba. Msimamizi wa kituo cha afya ana mzigo wa kila kosa linalotokea, lakini uwezo wake ni mdogo wa kushangaza. Hawezi kuajiri, hiyo ni kazi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Hawezi kuzuia uhamisho. Barua hutoka makao makuu. Hawezi kukataa semina. Na kwa muda mrefu hakuwa hata na fedha za kumlipa muuguzi wa ziada kwa usiku mmoja mwenzake anapougua, wala za kununua chai ya walio kwenye zamu.

Suala la fedha lina historia yake. Kuanzia 2010 kulikuwa na hazina maalum iliyotuma pesa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya afya na zahanati, zikisimamiwa na kamati zenye wakazi ndani yake. Ugatuzi ulipokuja, sheria ya fedha za umma ya 2012 ilitaka mapato ya kaunti yaingie katika hazina kuu ya kaunti, na vituo vingi nchini vikajikuta vikikusanya pesa visizoweza kuzitumia. Msimamizi akawa ombaomba wa fedha za kituo chake mwenyewe. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya, iliyotiwa saini Oktoba 2023 pamoja na zile zilizoleta Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilikusudia kurekebisha hilo kwa kuviruhusu vituo vibaki na mapato yao na kuyatumia kwa mipango iliyoidhinishwa.

Sheria hiyo kwa maandishi ni nzuri. Utekelezaji wake ni hadithi nyingine. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hospitali zimelalamika kuhusu malipo kuchelewa, na kituo kisicholipwa hakina cha kubaki nacho. Lakini mlango umefunguliwa kisheria, na kaunti yenye nia ingeweza kumpa msimamizi wa kituo kibali kimoja tu kilicho wazi: kutumia sehemu ya fedha hizo kuziba pengo la zamu ya usiku ndani ya saa 24, bila kungoja saini tatu.

Yapo mengine yasiyohitaji hata shilingi. Ruhusa yoyote ya semina iandamane na jina la atakayeshika zamu, na jina likikosekana, ruhusa isitolewe hata kama barua imetoka wizarani. Miradi inayowaita wauguzi iunganishe mafunzo yake, au iwafuate kituoni mwao. Zamu za usiku zihesabiwe kwa kila mtu, mwenye cheo na asiye nacho, na hesabu hiyo ibandikwe ukutani, upande wa nje wa mlango. Vituo jirani vya Baba Dogo, Kariobangi na Mathare Kaskazini vimekaribiana kiasi cha kutembeleana kwa miguu au kwa bodaboda ya muda mfupi. Haieleweki kwa nini kila kimoja kipange usiku wake kana kwamba kiko kisiwani. Wasimamizi watatu wakiketi pamoja mara moja kwa mwezi wanaweza kuhakikisha kwamba kati ya vituo vyao, kimoja angalau kina wakunga wawili kila usiku, na wakazi wakajua ni kipi.

Hilo la mwisho litahitaji jambo ambalo vyuo vyetu vya uuguzi huligusa kijuujuu: kumfunza mtu kuongoza. Tunamchukua muuguzi hodari, tunampa funguo za ofisi na daftari la ratiba, tunamwita msimamizi, na siku hiyo hiyo tunapoteza muuguzi hodari na kupata msimamizi asiyefunzwa. Hafunzwi kukadiria mzigo wa kazi, ingawa Shirika la Afya Duniani lina mbinu yake ya kufanya hivyo, ambayo imetumika hata katika nchi jirani. Hafunzwi kumwambia rafiki yake kwamba Krismasi hii ni zamu yake. Wala hafunzwi kumwandikia mkubwa wake barua ya kukataa, ambayo pengine ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Kaunti huwasilisha makadirio ya bajeti yake katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na Katiba inataka wananchi washirikishwe kabla hayajapitishwa. Katika vikao hivyo wakazi kwa kawaida huomba barabara, taa za mtaani na karo za masomo. Mwaka huu wenyeji wa Baba Dogo wangeweza kumwomba mwakilishi wao awaletee ukurasa mmoja tu: ratiba ya zamu za usiku za kituo chao kwa miezi mitatu iliyopita, kama ilivyoandikwa mwanzo wa mwezi, na pembeni yake orodha ya waliofika kweli.